Manung'uniko Yasiyo na Anwani

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10, mfumo endeshi uliokuwa mikononi mwa watu tangu Julai 2015. Kompyuta hazikuzimika siku hiyo. Kesho yake asubuhi ziliwaka kama kawaida, picha ileile, mlio uleule. Kilichokoma ni viraka vya usalama, yale marekebisho ya kila mwezi yanayoziba matundu ambayo wezi wa mtandaoni hawachoki kuyatafuta. Aliyetaka viraka viendelee aliambiwa ahamie Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021. Hapo ndipo mashine nyingi nzima, zisizo na ugonjwa wowote, zilipokataliwa mlangoni.

Mjadala huu nimeutunga. Hoja zake sikuzitunga: ndizo zinazosikika kwenye benchi la fundi, kwenye steshenari za karibu na mahakama, na kwenye vyumba vya walimu. Wasemaji ni watatu. Kuna mama mwenye steshenari, anayepiga chapa, kuskani na kutoa kopi. Kuna fundi wa kompyuta, kijana, ambaye kila mtaa una wa kwake. Na kuna mwalimu wa TEHAMA wa sekondari. Nami nimo, kwa sababu katika jambo hili nina upande.

MAMA: Nianze mimi, maana mashine inayobishaniwa ni yangu. Nilijifunza kupiga chapa kwenye taipureta. Nikahamia kompyuta yenye Windows XP, nikaja 7, nikaja 10. Kila mara nilianza upya na kila mara nilijua. Kwa hiyo asije mtu akaniambia naogopa mambo mapya. Mteja anaingia saa tatu na robo na kiapo chake, shauri lake linatajwa saa tatu na nusu. Dakika hizo ninafanya kazi kwa mikono, macho yako kwenye karatasi ya mteja. Mkono unajua kitufe cha Start kiko kona ya chini kushoto, unajua neno la kunakili liko wapi ukibonyeza kipanya kulia. Sasa kwenye hiyo Windows 11 mtu aliyekaa mbali aliamka asubuhi, akakihamisha kitufe katikati, lile neno akaliwekea kipicha. Ameuchukua ujuzi wa mkono wangu, na hakuniuliza.

FUNDI: Mama, kwa heshima zote, kitufe hicho nakurudishia kushoto kwa dakika moja. Ni mpangilio tu.

MAMA: Najua, mwanangu, utanirudishia. Ila wewe huishi hapa dukani.

MWALIMU: Dada, hapo nakuelewa. Nafundisha vijana ambao nyumbani hawana kompyuta. Wana vipindi viwili kwa wiki, watatu kwenye mashine moja. Mtoto wa namna hiyo akishajua kitu kilipo, huo ndio mtaji wake. Kwa anayeshinda kwenye kompyuta tangu asubuhi hadi usiku, kitufe kikihama ni usumbufu wa siku mbili. Kwa mwanafunzi wangu ni muhula mzima.

FUNDI: Sawa, lakini tusibaki kwenye kitufe, kitufe ni jambo dogo. Mnajua nini kilitokea mwaka 2017? Mwezi Machi Microsoft ilitoa kiraka cha tundu moja. Tarehe 12 Mei mwaka huohuo kirusi kilichoitwa WannaCry kikapita kwenye tundu lilelile, kikafunga mafaili ya watu na kudai fidia. Zaidi ya kompyuta 200,000, nchi zipatazo 150. Hospitali za umma za Uingereza zilifuta maelfu ya miadi ya wagonjwa. Kiraka kilikuwepo tangu miezi miwili nyuma! Walioumia ni wale ambao hawakukiweka. Kwa hiyo Mama akiniambia niiache Windows 10 yake vilevile kwa sababu mkono wake umeizoea, naona picha za vitambulisho vya watu alizoskani, naona hati za viwanja, naona wosia. Siwezi kuacha mlango wa nyumba ya namna hiyo bila komeo.

MWALIMU: Hakuna anayekataa komeo.

FUNDI: Basi ndiyo maana ya ule ukaguzi wa mlangoni. Windows 11 inadai chipu ndogo ya usalama inayoitwa TPM 2.0. Ifikirie kama kasha la chuma lililojengewa ndani ya ukuta. Funguo za kufungulia mafaili yaliyofichwa zinakaa humo, si mezani. Mwizi akibeba diski peke yake amebeba makaratasi asiyoweza kuyasoma. Hiyo ni faida ya kweli, nami naitetea.

MWALIMU: Itetee. Lakini orodha haikuishia kwenye chipu, iliendelea hadi prosesa. Kwa upande wa Intel ilianzia kizazi cha nane, cha mwaka 2017. Iliposomwa mwaka 2021, mtu aliyenunua kompyuta mpya dukani miaka minne au mitano nyuma alijikuta nje. Hata Microsoft yenyewe ilijikuta nje: kompyuta yake ya Surface Studio 2, iliyoanza kuuzwa mwaka 2018, ilikuwa na prosesa ya kizazi cha saba. Baada ya kelele, prosesa hiyo ikaongezwa kwenye orodha, ndugu zake wa kizazi kilekile wengi wakaachwa. Nieleze, fundi: kama ni usalama, kwa nini kizazi kimoja kina mtoto wa ndani na watoto wa nje?

FUNDI: Hapo sina jibu la kukuridhisha.

MWALIMU: Na wewe mwenyewe huwapigia watu Windows 11 kwenye mashine zilizokataliwa. Usinikatalie, chumba chetu cha kompyuta ulikuja wewe.

FUNDI: Nafanya. Naruka ukaguzi, mashine inakubali, inafanya kazi. Ila kila mteja namwambia ukweli: Microsoft imeandika wazi kwamba mashine iliyoingia kwa njia hiyo haina uhakika wa kupata masasisho. Leo yanakuja, kesho yanaweza kukatika. Nauamini usalama, Mwalimu. Ile orodha siiamini.

Niingie hapa, maana fundi amegusa jambo ambalo watetezi wa mifumo mipya hulipita haraka. Kutoridhika kwa watu hupewa jina moja, uoga wa mabadiliko, halafu mazungumzo yanafungwa. Historia ya Windows peke yake yatosha kuonyesha kwamba jina hilo si la haki.

Windows Vista ilifika kwa wananchi Januari 2007. Watu walilalamika kwamba ni nzito, kwamba printa na vifaa vyao vimegoma, kwamba kila hatua wanasimamishwa na dirisha la kuomba ruhusa. Mwaka 2008 Microsoft ikafanya jaribio maarufu: iliwaita watu wenye maoni mabaya kuhusu Vista, ikawaonyesha kile walichoambiwa ni mfumo mpya kabisa uitwao Mojave. Wakaupenda. Kisha wakaambiwa kwamba hiyo ndiyo Vista yenyewe. Kampuni ilitangaza matokeo hayo kwa fahari, na hadi leo yapo mikononi mwa yeyote anayetaka kusema kwamba watu hulalamikia uvumi.

FUNDI: Na si kweli? Walikuwa hawajaitumia. Waliisikia tu.

Walionyeshwa kwa muda mfupi, kwenye mashine iliyochaguliwa na kuandaliwa. Hakuna aliyeleta printa yake ya nyumbani. Hakuna aliyekaa nayo mwezi mzima kwenye kompyuta ya zamani. Kuhusu mashine, mambo mengine yalikuja kujulikana mahakamani. Mwaka 2006, kabla Vista haijatoka, kompyuta madukani zilibandikwa stika ya kusema zina uwezo wa kuiendesha. Nyingi kati ya hizo ziliweza kuendesha toleo la chini tu, lisilo na yale madirisha ya kung'aa yaliyokuwa yakitangazwa. Wanunuzi wakafungua kesi Seattle mwaka 2007, na barua pepe za ndani ya kampuni zikawekwa hadharani. Wafanyakazi wa kampuni yenyewe walikuwa wamelalamikia jambo lilelile ambalo wateja walikuwa wakiambiwa wanaliwaza tu. Wateja hawakushinda: mwaka 2009 jaji aliiondolea kesi hadhi ya kuwakilisha wanunuzi wote kwa pamoja. Ila barua zilishasomwa.

Ndiyo maana kila nikisikia watu wengi wanalalamikia mfumo, huanza kwa kudhani kwamba wanajua kitu. Anayetumia chombo kila siku hugundua mambo ambayo aliyekitengeneza hana nafasi ya kuyaona.

MAMA: Mimi Vista niliiruka, sikuigusa. Lakini kile cha vigae nakikumbuka.

MWALIMU: Windows 8, Oktoba 2012. Waliondoa kitufe cha Start kabisa. Ukiwasha, unakutana na ukuta wa vigae vya rangi, kama simu kubwa. Ulitengenezwa kwa ajili ya vidole kwenye kioo, na kompyuta nyingi kioo chake hakikuwa cha kuguswa. Hata kuzima mashine ilikuwa kazi ya kumtafuta mtu aulizwe. Kelele zikawa kubwa. Oktoba 2013 toleo la 8.1 likarudisha kitufe, japo ukikibonyeza kilikupeleka kwenye vigae vilevile. Menyu yenyewe ilirudi mwaka 2015 na Windows 10.

MAMA: Kwa hiyo waliolalamika ndio walionirudishia menyu yangu.

MWALIMU: Ndiyo, dada.

MAMA: Na mimi nilipolalamika, nilimlalamikia nani?

FUNDI: Ulinilalamikia mimi.

Jibu hilo lilinifanya niutunge mjadala huu. Kabla ya kulifuata, lazima tupite mahali pagumu, na Mwalimu ndiye aliyepataja.

MWALIMU: Tusemane ukweli. Mashine ngapi mitaani kwetu zina Windows iliyolipiwa? Fundi anakuja na flashi mfukoni, anapiga Windows, anaiweka programu ya kuifungua, anachukua hela yake anaondoka. Mtu wa namna hiyo anasimama wapi kulalamika? Atasema, kitu nisichokinunua kimenichosha?

MAMA: Geuza laptopu yangu.

Fundi akaigeuza. Tumboni mwake kuna stika, nusu imefutika kwa jasho na kwa miaka ya kusuguliwa mezani. Herufi na tarakimu 25, mafungu matano ya tano-tano. Fungu la pili halisomeki tena. Ni namba ya leseni ya Windows 7. Iliyokuwa mali ya ofisi fulani ya Ulaya imeishia kuwa mali ya mama huyu, pamoja na leseni yake, na kwa leseni hiyohiyo mashine ilipandishwa hadi Windows 10 wakati ule kupanda kulipokuwa bure.

MAMA: Nililipa. Sikulipa Marekani, nililipa Kariakoo, lakini kilichomo ndani kilishalipiwa. Wapo wasiolipa, nakubali, na wajibu wao waujibu wenyewe. Mimi usiniweke kwenye fungu hilo kwa sababu tu duka langu liko uswahilini.

MWALIMU: Samahani, dada. Umenisahihisha.

FUNDI: Na hapo Kariakoo niseme jambo. Mashine za mtumba zinakuja kwa kontena kutoka Ulaya na Dubai. Ofisi za huko zinabadilisha kompyuta, za zamani zinauzwa kwa jumla. Sasa nyingi wanazibadilisha kwa nini? Kwa sababu hazikubali Windows 11. Mnunuzi huku anaona bei nzuri, hajui kwa nini ni nzuri. Kibandiko kinasema Core i5, basi. Core i5 ya mwaka 2013 na Core i5 ya mwaka 2019 zina jina moja na ni vitu viwili. Mara nyingi kizazi hakiandikwi. Mtu anabeba furushi nyumbani, wiki ya pili ananiletea, anauliza mbona imekataa.

MWALIMU: Kampuni ya utafiti ya Canalys ilikadiria mwishoni mwa 2023 kwamba kompyuta kama milioni 240 zingeweza kuishia kuwa taka kwa sababu ya mabadiliko haya. Nadhani tunajua baadhi ya taka hizo zinapita njia gani kabla hazijaitwa taka.

MAMA: Hakuna njia ya tatu? Nisiende 11, nisibaki wazi?

FUNDI: Zipo mbili. Ya kwanza ni Linux. Ubuntu, au Mint inayofanana kidogo na Windows. Bure, nyepesi, na viraka vinakuja. Mashine yako itakuwa kama imefufuka.

MAMA: Na kiapo cha wakili alichokileta kwenye flashi, kilichoandikwa kwa Word?

FUNDI: Kitafunguka. Pembezoni panaweza kusogea kidogo.

MAMA: Kidogo ngapi? Wakili akiona mstari wa sahihi umehamia ukurasa wa pili, harudi tena.

MWALIMU: Hapo najilaumu sisi walimu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, ya bure. Menyu zote kwa lugha yetu. Ingefundishwa mashuleni tangu hapo, leo kijana anayeajiriwa steshenari angejua njia mbili, asingekuwa mateka wa moja. Hatukuifundisha. Tulifundisha kile tulichofundishwa.

FUNDI: Ya pili ni kulipia mwaka mmoja zaidi wa viraka vya Windows 10. Dola 30, hadi Oktoba 2026. Au bila hela, ukikubali kuingia kwa akaunti ya Microsoft na mipangilio ya mashine yako ihifadhiwe kwenye hazina yao ya mtandaoni.

MAMA: Kwa bando la nani?

FUNDI: Lako, Mama.

MWALIMU: Na Ulaya?

Hapa ndipo nataka kukaa. Shirika la watumiaji wa bidhaa la huko, Euroconsumers, liliiandikia Microsoft barua kupinga masharti hayo. Septemba 2025, wiki chache kabla ya tarehe ya mwisho, kampuni ikatangaza kwamba watu wa Eneo la Kiuchumi la Ulaya watapewa mwaka huo bure, bila sharti la kuhifadhi mipangilio mtandaoni. Mfumo ni uleule na matundu ni yaleyale. Mtu wa Lisbon anapewa, mama wa steshenari anaambiwa dola 30, au mipangilio yake iende mtandaoni. Tofauti yao ni kwamba manung'uniko ya Lisbon yalikuwa na anwani, na mtu wa kuyabeba kwa lugha ya sheria hadi mlangoni.

Mwaka 2024 ilikuwa hivyohivyo. Mwezi Mei Microsoft ilitangaza Recall, kipengele cha kompyuta mpya kinachopiga picha ya skrini kila baada ya sekunde chache ili mtu aweze kurudi kuona alichokuwa akifanya. Wataalamu wa usalama walipinga kwa sauti kubwa. Kikaahirishwa, kikarudi mwaka 2025 kikiwa kimezimwa hadi mtu mwenyewe akiwashe. Mtu anayeskani wosia za watu ana deni kwa wapinzani hao hata kama hawajui.

Hayo ndiyo ninayoyaamini kwa dhati: kutoridhika kwa watu ni taarifa yenye thamani, imeshajenga nusu ya vitu vizuri tunavyovitumia, na yetu inapotelea njiani. Inafika kwa fundi. Fundi anairekebisha, anarudisha kitufe kushoto, anaruka ukaguzi, anachukua hela kidogo. Shida imeisha, na aliyeisababisha hajawahi kujua kwamba ilikuwepo.

FUNDI: Mimi nina kaunta buku.

MWALIMU: Kaunta buku ya nini?

FUNDI: Ya kazi. Naandika ili mteja asinigeuke kwenye malipo. Tarehe, aina ya mashine, prosesa, kilichomleta, nilichofanya. Hii hapa. Tazama safu hii: haikubali 11, kizazi cha sita. Haikubali 11, kizazi cha saba. Hii ni ya shule. Hii ya zahanati. Hii mwenyewe alinunua wiki iliyotangulia, akaambiwa ni mpya kidogo.

Mwalimu akaishika, akafunua kurasa polepole. Mwandiko wa kalamu ya bluu, madoa ya mafuta ya feni, namba za simu pembeni. Akarudi nyuma hadi Oktoba, akaanza kuhesabu kwa kidole, midomo ikicheza.

MWALIMU: Majina na namba za watu tunaviondoa. Zilizobaki tunazipanga. Tuna Tume ya Ushindani, kisheria kazi yake mojawapo ni kumlinda mlaji asipotoshwe. Muuzaji asiyetaja kizazi cha prosesa ni jambo lao kabisa. Hilo la kwanza. La pili ni viraka, hilo linaenda kwa kampuni yenyewe.

FUNDI: Watasoma?

MWALIMU: Hatujawahi kuwaandikia.

MAMA: Subirini.

Akavuta kiti, akaigeuza laptopu ikakaa sawa, akafungua ukurasa mtupu. Mkono ulikwenda kona ya chini kushoto bila yeye kutazama. Akapiga tarehe kulia, akashuka mistari miwili.

MAMA: Haya, Mwalimu. Hiyo Tume, sanduku la posta namba ngapi? Na wewe fundi, nisomee mstari wa kwanza, taratibu.